Redio ya CB ya wati nyingi kwenye lori la kampuni: umeme uutoe wapi

Madereva wenzangu Waswahili walioko huku Marekani huniuliza swali moja kwa namna mbalimbali: "Kaka, nimenunua redio kubwa, nikibonyeza maiki skrini inafifia, mara redio inajizima. Waya niutoe wapi?" Wanazungumzia redio ya CB, ile ya madereva kuongea wao kwa wao barabarani. Jibu langu huanza na mambo mawili ambayo hayamo ndani ya redio. La kwanza, lori si lako. La pili, zile taminali mbili, nyekundu na nyeusi, ambazo kiwanda kimeziweka kwenye kabati la juu ya kioo cha mbele, zina kiwango cha umeme zinachoweza kutoa. Redio nyingi kubwa zinazouzwa kwenye maduka ya vituo vya lori hutaka zaidi ya kiwango hicho.

Naendesha Freightliner Cascadia ya kampuni, kwa hiyo mifano mingi itatoka humo. Volvo VNL, Kenworth T680 na Peterbilt 579 zinatofautiana mahali vitu vilipofichwa, lakini hesabu ni ileile.

Kwa waliofika karibuni kutoka nyumbani, kuna jambo moja la kusahau haraka. Scania, Actros na HOWO tulizozoea barabara ya Dar hadi Tunduma ni gari za volti 24: betri mbili za volti 12 zimeunganishwa moja nyuma ya nyingine. Lori za huku ni volti 12. Ukifungua sanduku la betri utakuta tatu au nne, lakini zimeungwa sambamba, pozitivu kwa pozitivu, negativu kwa negativu, hivyo volti zinabaki 12 na kinachoongezeka ni akiba. Redio ya CB imeundwa kwa volti 13.8, ambayo ndiyo hali ya gari injini ikiwa inanguruma. Kwa hiyo huku huhitaji kifaa cha kushusha volti. Ukiipeleka redio hiyohiyo nyumbani kwa ndugu yako mwenye Scania, hapo anunue kishusha volti cha 24 kwenda 12 chenye ampea za kutosha. Asichomoe volti 12 kutoka betri moja kati ya zile mbili, maana ile moja itakuwa inakonda kila siku huku mwenzake ikichajiwa kupita kiasi, na mwisho atanunua zote mbili.

Sasa tuzungumze wati, na sheria yake, kwa sababu ndiyo inayoamua ununue redio gani kabla hujakata waya wowote. CB huku haihitaji leseni. Ina chaneli 40, kuanzia megahezi 26.965 hadi 27.405, na FCC, shirika la serikali kuu linalosimamia mawimbi ya redio, inaruhusu wati 4 kwa AM (na kwa FM, ambayo iliruhusiwa mwaka 2021), na wati 12 za kilele kwa SSB, yaani namna ya kurusha sauti kwa upande mmoja tu wa wimbi. Vipaza nguvu vinavyofungwa kati ya redio na antena vimekatazwa kabisa kwenye CB. Zile redio zinazotangazwa kuwa na wati 50, 100 au zaidi huuzwa kwa jina la redio za mita 10, yaani za wanaredio wa ridhaa, kuanzia megahezi 28 hadi 29.7. Fundi akishaifungua ishuke kwenye megahezi 27 za CB, kuitumia huko ni haramu kwa kila mtu, mwenye leseni na asiye nayo. Faini ya FCC hupanda haraka hadi maelfu ya dola. Mimi ningeongeza kwamba mtu anayesubiri uraia hana sababu ya kutafuta barua ya serikali kuu yenye jina lake kwa ajili ya kupiga soga chaneli 19, ile ya madereva.

Ukitaka wati nyingi kwa halali, njia ipo na si ngumu. Leseni ya ridhaa ya ngazi ya Technician ni maswali 35, unafaulu ukipata 26. Haikudai uraia, unahitaji anwani ya posta ya hapa Marekani, na ada ya FCC ni dola 35 juu ya ada ndogo ya wasimamizi wa mtihani. Inakupa sauti ya SSB kati ya megahezi 28.3 na 28.5 hadi wati 200, na jua likiwa na hali nzuri utaongea na mtu wa Brazil ukiwa umeegesha Nebraska. Ila mawasiliano ya ridhaa hayaruhusiwi kwa kazi ya mwajiri. Usiitumie kuuliza ghala mlango gani wa kushushia mzigo.

Kabla hujashawishika na namba kubwa, angalia mshale wa mita ya redio ya yule anayekusikia. Ili mshale wake upande alama moja, ni lazima wewe uongeze nguvu mara nne. Kutoka wati 4 kwenda 16 ni alama moja. Kwenda 64 ni alama mbili. Fundi anayekutoza pesa ili aisukume CB yako kutoka wati 4 hadi 7 amekupandishia chini ya nusu alama, na pengine amekuharibia sauti. Tena wati hazikusaidii kusikia. Ukipiga kelele kwa wati 60 na mwenzako anajibu kwa 4, atakusikia mkiwa mbali lakini wewe hutamsikia. Kinachosaidia kusema na kusikia kwa pamoja ni antena, nami nitaifikia.

Kwa dereva wa kampuni asiye na leseni, naona chaguo la akili ni CB iliyoidhinishwa yenye SSB, kama Uniden Bearcat 980. Wati 12 za SSB zinafika mbali kuliko wengi wanavyodhani, na zinakula umeme kidogo kiasi kwamba nusu ya matatizo yaliyo hapa chini hayatakuhusu.

Hesabu ya umeme ni rahisi. Chukua wati zinazotoka kwenye antena, zidisha kwa mbili, kwa sababu karibu nusu ya umeme unaoingia hugeuka joto, halafu gawanya kwa 13.8. Jibu ni ampea. CB ya kawaida ya wati 4 haivuki sana ampea 2 ukiwa unaongea kwa nguvu. Redio ya wati 50 inataka kama ampea 7. Ya wati 100 inataka kati ya 14 na 15. Ya wati 200 inakaribia 29, na hapo tumeshaacha habari ya taminali za kabatini. Ukitaka ushahidi wa pili, tazama fyuzi iliyokuja kwenye waya wa redio yenyewe. Mtengenezaji akiweka fyuzi ya 20, amekuambia mwenyewe redio yake inaweza kula kiasi gani.

Zile taminali mbili zinalindwa na fyuzi iliyo kwenye paneli ya fyuzi ya lori. Fungua kifuniko, soma mchoro uliobandikwa ndani, tafuta mstari wa CB. Utakuta 10, 15 au 20, inategemea gari na mwaka. Wakati mwingine fyuzi hiyohiyo inalisha na vitu vingine vya juu. Kwa CB ya wati 4 au SSB ya wati 12, malizia hapo: waya mwekundu kwenye taminali nyekundu, mweusi kwenye nyeusi, kaza kwa vidole halafu robo mzunguko kwa koleo, basi. Kwa redio ya wati 50 yenye kibali, taminali za ampea 15 zinaweza kuitosha. Zaidi ya hapo, hapana.

Na hapa ndipo watu wanapochoma magari. Fyuzi ya 15 ikikatika, dereva anachomeka ya 30, redio inanguruma, anafurahi. Fyuzi haikuwekwa kwa ajili ya redio yako. Imewekwa kulinda waya uliopita nyuma ya plastiki ya paa, waya mwembamba ambao huuoni, na sasa huo waya ndio umegeuka fyuzi. Utakatika kwa moto, kitanda chako kikiwa sentimita chache nyuma yake. Fyuzi ikikatika mara mbili, punguza redio au leta waya mwingine. Hakuna chaguo la tatu.

Tundu la kiberiti la deshibodi nalo nimeona watu wanalichomekea redio za wati 100. Fyuzi yake inaweza kuwa kubwa, lakini plagi inashikilia kwa springi tu. Ikipita ampea 10 kwa muda, shika ile plagi uone ilivyochemka. Liache kwa chaja ya simu.

Ujue vipi kama umeme unafika? Nunua mita ya digitali ya bei ndogo. Injini ikiwa imezimwa, pima kwenye betri: nzima inasoma kama 12.6. Washa injini, utaona 13.8 hadi 14.2 hivi. Sasa pima palepale redio inapochukulia umeme, mwenzako abonyeze maiki na kusema "aaa" kwa sauti huku wewe unatazama mita. Ikishuka kwa nusu volti au pungufu, umefunga vizuri. Ikishuka kwa volti nzima au zaidi, tatizo ni waya au maungio, na ndiyo sababu skrini yako inafifia. Usimlaumu muuza redio.

Waya mwembamba unakula volti kwa sababu umeme unasafiri kwenda na kurudi. Tuseme kutoka sanduku la betri hadi kwenye redio ni mita 5. Kwa umeme hiyo ni mita 10. Kwa redio ya ampea 15, waya namba 18 wa Kimarekani, ule mwembamba wa spika, unapoteza zaidi ya volti 3 njiani. Redio inabaki na chini ya 11, inajizima, au inatoa sauti ya kukwaruza. Waya namba 12 unapoteza karibu 0.8. Namba 10 unapoteza kama 0.5. Namba 8 unapoteza 0.3. Kumbuka huku namba ikipungua waya unanenepa; namba 10 ni kama milimita za mraba 5 za kwetu. Kwa redio ya wati 100 mimi naweka namba 10 na sioni haja ya kutafuta mnene zaidi, maana namba 8 inaleta shida ya kupindika kwenye kona. Nunua shaba tupu. Kuna waya wa bei rahisi wa aluminiamu iliyopakwa shaba, unaonekana mnene mkononi, lakini unapitisha umeme kidogo kuliko shaba ya unene uleule.

Kabla ya kuvuta waya huo, omba ruhusa kwa maandishi. Usimuulize dispacha, yule anayekupangia mizigo, kwa simu. Dispacha atasema sawa sawa ili arudi kwenye mzigo wake, na siku ya ukaguzi hatakumbuka. Mwandikie meneja wa magari au idara ya usalama, eleza redio gani, inakula ampea ngapi, waya utapita wapi, na kwamba hutatoboa chochote. Kampuni nyingi zitakubali taminali za kabatini na kukataa sanduku la betri. Nyingine zitakuambia fundi wa karakana yao ndiye afunge, wewe ulipe. Kubali hilo kwa mikono miwili, kwa sababu likitokea jambo, waya ni wa fundi wao. Wakikataa kabisa, rudi kwenye CB ya wati 12 na uishi kwa amani. Kuna anayekwepa kwa kuvuta waya usiku. Lori likija kuhudumiwa, kitu cha kwanza fundi anachoona akifungua sanduku la betri ni waya wa ziada.

Wakikubali, utaratibu ni huu. Zima lori, na kama lina swichi kuu ya betri, izime. Anzia upande wa redio, malizia kwenye betri. Waya mwekundu na mweusi vipite pamoja ndani ya bomba laini la plastiki lenye mikunjo, viingie ndani ya kabini kupitia tundu lililopo tayari lenye mpira, lile linalopitisha nyaya za kiwanda. Usitoboe ukuta. Chini, kaa mbali na bomba la moshi na tanki la kuchomea masizi, ambalo likijisafisha linawaka joto la kutisha. Ndani, kaa mbali na mhimili wa stelingi na pedali. Funga kwa tai za plastiki kila baada ya sentimita 30 hivi ili waya usicheze. Ukiuacha ucheze, barabara za Pennsylvania zitaumaliza. Kwenye ncha weka vichwa vya kubana vya shaba, bana kwa koleo lake, siyo kwa meno ya plaizi.

Fyuzi ikae kwenye waya mwekundu karibu kabisa na betri, ndani ya sentimita 20. Wengi wanaiweka karibu na redio kwa sababu ni rahisi kuifikia. Hiyo inalinda redio na kuacha mita 5 za waya bila ulinzi. Waya ukichubuka kwenye chasi, betri nne zitamwaga umeme wote hapo. Kwa waya namba 10 na redio ya ampea 15, fyuzi ya 20 au 25 inatosha. Ile iliyokuja na redio iache palepale ilipo. Waya mweusi upeleke kwenye boliti kuu ya ethi (upande wa negativu wa gari), ile yenye nyaya nyingi za kiwanda, baada ya kuisugua ing'ae. Pozitivu iwe ya mwisho kabisa.

Kuna gharama moja ya waya wa moja kwa moja. Lori nyingi mpya zina kifaa kinachokata vitu vya ndani betri zikishuka, ili asubuhi injini iwake. Redio yako sasa imekipita kifaa hicho. Ikiwa inasikiliza tu haili sana, kama nusu ampea, na betri nne zitaivumilia usiku mzima. Lakini ukiongea kwa saa nyingi injini ikiwa imezimwa, hakuna kitakachokuzuia. Tazama volti; ikikaribia 12.2 nyamaza.

Kwa kuwa kampuni itakubadilishia lori siku usiyoijua, kata waya karibu na redio na uweke viungio vya Anderson Powerpole. Vya ampea 30 na 45 vinatumia nyumba moja ya plastiki, na waya namba 10 unaingia kwenye vya 45. Ukiambiwa hamia gari namba fulani kabla ya saa nne, unachomoa redio kwa sekunde.

Antena nayo. Urefu wa wimbi la CB ni mita 11, kwa hiyo robo yake ni karibu mita 2.75, na antena ya futi 4 kwenye kioo cha pembeni tayari imeminywa. Lori nyingi huja na antena mbili za kiwanda zilizounganishwa, na mara nyingi kuna kisanduku kinachochanganya redio ya muziki na CB kwenye antena zilezile. Kisanduku hicho kimeundwa kwa nguvu ndogo ya CB. Kwa redio ya wati 100 kipite: weka antena moja nzuri kwenye kioo kwa kibanio cha boliti, na kebo yake mwenyewe. Hakikisha mkono wa kioo umeshika ethi kweli, kwa sababu mingi ni plastiki na rangi tupu. Ukikosa, vuta utepe wa shaba hadi kwenye chuma cha mlango, na kutoka mlangoni hadi kwenye kabini. Pima SWR, kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena, kwenye chaneli 1, 20 na 40. Chini ya 1.5 ni vizuri, kwa sababu asilimia 4 tu ya nguvu inarudi. Ikifika 2 zinarudi 11. Ikifika 3 ni robo nzima inarudi kwenye redio yako, na redio ya wati 100 haitavumilia hilo mara nyingi.

Mwisho wa kazi ni kelele. Mlio unaopanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini ni oltaneta, na waya wa moja kwa moja kutoka betri hupunguza sehemu kubwa. Kelele ya kukoroma isiyobadilika mara nyingi ni inveta ya friji (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani), au kamera ya deshibodi. Zima kimoja kimoja usikilize. Inveta ni yako, unaweza kuizima. Kamera ni ya kampuni, usiiguse. Bana pete za feraiti kwenye waya wa redio na kebo ya antena, karibu na redio. Kisha fanya jaribio la upande wa pili: lori likiwa limesimama, bonyeza maiki ukitazama tableti ya saa za kazi, taa za breki za dharura na kamera. Chochote kikipepesa, kikizima au kikitoa onyo, punguza nguvu mpaka kitulie, hata kama itabidi urudi kwenye wati 12. Redio inayoichanganya tableti ya saa zako itakutia matatani kwa mkaguzi wa barabarani siku ya kwanza.

Siku ya kurudisha lori, piga picha kabla na baada. Chomoa kwanza fyuzi iliyo karibu na betri, halafu pozitivu, halafu ethi, kisha vuta bomba lote kutoka upande wa kabini. Rudisha kebo ya antena ya kiwanda mahali pake. Tai za plastiki kata zote, hata zile za chini zisizoonekana.